Mwenzi wa Njiani: Safari ya Miguu Katika Kisiwa cha Rubondo



Leo twataka kuwasimulia habari ya safari ya miguu. Si safari ya mashujaa. Hatukupigana na simba, wala hatukupanda mlima wenye theluji. Ni safari ya siku moja tu, ya mtu wa mjini ambaye hakupata kamwe kutembea porini, akifuatana na rafiki yake wa tangu utoto. Mtu huyo wa mjini ni sisi wenyewe tunaosema nanyi. Katika habari hii yamo mambo mawili ya aibu yetu. Hatutayaficha, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyotupa mafundisho, na safari isiyomfundisha mtu neno ni kuchosha miguu bure.

Sisi tulizaliwa Mwanza mjini, katika mji ule wa mawe, ambamo nyumba zimejengwa juu ya miamba na miamba imesimama kati ya nyumba. Tulisomeshwa katika shule ya misheni, na sasa, tukiwa na umri upatao miaka arobaini, kazi yetu ni kuwafundisha jiografia vijana wanaojifunza ualimu. Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji huliita Nyanza, tumeliona karibu kila siku ya maisha yetu. Twajua kwamba eneo lake ni kadiri ya kilometa za mraba 68,800, kwamba limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, na kwamba katika Afrika yote hakuna ziwa lililo kubwa kuliko hilo. Hayo tumeyaandika ubaoni mara nyingi. Lakini kuijua nchi kwa chaki ni jambo moja, na kuijua kwa miguu ni jambo jingine.

Rafiki yetu ni fundi wa mitumbwi huko Kirumba. Kwao ni Ukerewe. Alipoletwa Mwanza akiwa mtoto, aliwekwa katika darasa letu, tukaketi naye dawati moja. Baba yake alipofariki dunia aliacha masomo, akashika randa na msumeno. Sisi tukaendelea na vitabu. Miaka imepita, wala urafiki haukuvunjika. Yeye hutuita "Mwalimu", nasi humwita "Fundi". Lakini twakiri kwamba kwa siri ya moyo tulijiona tumemzidi, maana tulidhani kwamba aliyeacha shule mapema ameachwa nyuma katika kila jambo.

Chanzo cha safari yetu kilikuwa swali la mwanafunzi. Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za visiwa vya ziwa letu, tukafika kwenye kisiwa cha Rubondo, kilichoko upande wa kusini-magharibi. Tukataja ukubwa wake, msitu wake na wanyama wake, hasa nzohe, yule swala apendaye kukaa katika mafunjo na kuogelea. Kijana mmoja aliyeketi mstari wa nyuma akainua mkono, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, wewe umepata kufika huko?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya wo wote. Kumbe lilitukuta hatuna silaha. Tukaona haya kusema hapana mbele ya vijana arobaini, tukajibu, "Naam, tulikwisha fika." Yule kijana akafurahi, akauliza kama nzohe hukimbia mtu akimkaribia. Tukamjibu maneno mawili matatu ya kitabuni, tukafuta ubao, tukaendelea na somo jingine. Hiyo ndiyo aibu yetu ya kwanza. Uwongo ule ulikuwa mdogo, lakini ulitufuata hadi nyumbani, ukaketi nasi mezani.

Jioni ya siku ya tatu tulikwenda Kirumba, tukamkuta Fundi akiziba nyufa za mtumbwi kwa pamba. Hatukumwambia sababu. Tulimwambia tu kwamba twataka kwenda Rubondo, na kwamba hatutaki kuzungushwa kwa gari wala kwa mashua, bali twataka kutembea. Akatutazama tangu kichwani hata miguuni, akacheka. "Twende, Mwalimu," alisema. "Lakini jifunze kutembea kwanza. Nunua viatu leo, uvivae kila siku kwenda kazini, mpaka vikujue."

Tulivinunua. Vilikuwa viatu vizuri vya ngozi, virefu, vyenye soli nene. Na kwa kuwa vilikuwa vizuri, hatukupenda vichafuke kwa vumbi la njiani. Tukaviweka katika sanduku lake mpaka siku ya safari.

Tuliondoka Mwanza alfajiri moja katika kiangazi cha mwaka 2025, wakati wa likizo. Zamani wasafiri waendao Sengerema na Geita walikuwa wakingoja kivuko Kigongo, pengine kwa saa nyingi. Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Juni, lilifunguliwa daraja litokalo Kigongo hata Busisi, lenye urefu wa kadiri ya kilometa 3, nasi tukavuka katika dakika chache. Tukapita Sengerema na Geita, tukafika Nkome penye pwani ya ziwa. Huko tulipanda mashua, na kabla ya jua kuchwa tukashuka Rubondo, mahali paitwapo Kageye, upande wa mashariki wa kisiwa.

Hapana budi tuwaeleze kidogo habari za kisiwa hicho. Ni kirefu kutoka kaskazini hata kusini, na chembamba kiunoni. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 240, na sehemu yake kubwa imefunikwa na msitu. Zamani waliishi humo wavuvi na wakulima, lakini katika miaka ya 1960 walihamishwa. Mwaka 1965 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa pamoja na visiwa vidogo vilivyo jirani na maji yanayovizunguka. Simba hakuna wala chui. Lakini wako viboko na mamba wengi, na asiyejua tabia zao aweza kufa bila ya kumwona simba.

Usiku ule askari wa hifadhi aliyepewa kazi ya kutuongoza alitupa maonyo. Alisema kila mtu achukue lita tatu za maji. Alisema tusivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi, kwa kuwa mbung'o hupenda rangi hizo. Alisema mtu asipite kati ya kiboko na maji, maana kiboko akiona njia yake ya kurudi majini imezibwa hukasirika. Mwisho akasema, "Na mtu akiona tatizo lo lote mwilini mwake, aseme mara moja. Usingoje." Sote wawili tukaitikia, "Ndiyo, afande." Tukaingia kulala.

Asubuhi, jua lilipoanza kuchomoza, tukaondoka watu watatu: askari mbele na bunduki yake, sisi katikati, na Fundi nyuma. Suruali yetu ilikuwa ya buluu iliyokoza, maana hatukuja na nyingine, na tuliona haya kulisema hilo. Katika chupa zetu tatu za maji tuliacha moja kitandani, kwa kuwa mfuko ulikuwa mzito begani. Hilo nalo hatukulisema.

Ndugu wasikilizaji, mtu wa mjini aingiapo msitu mara ya kwanza, jambo la kwanza limshtualo ni masikio yake mwenyewe. Mjini husikia kelele nyingi wala hasikilizi. Kule msituni palikuwa kimya, kisha tukatambua kwamba si kimya: jani lilianguka, tukalisikia, mdudu alikata mti uliooza, tukamsikia, na kwa mbali, upande wa maji, furukombe alilia, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Harufu ilikuwa ya udongo mbichi na matunda yaliyochachuka. Mikuyu mikubwa ilisimama imeshika miti mingine kwa mizizi yake, kama mtu amshikaye mwenziwe mabegani.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba Fundi hakuachwa nyuma. Sisi tulijua majina ya miti kwa Kilatini. Yeye aliijua miti yenyewe. Aligonga shina kwa kidole akasema, "Huu ndani una uwazi." Aliona nyayo katika tope, akainama, akasema kwamba pongo amepita usiku, tena alikuwa na mtoto. Askari akatikisa kichwa kukubali. Sisi tulitazama tope lile lile, tukaona tope.

Mbele kidogo askari alisimama, akatuonyesha juu ya mti matawi yaliyokunjwa yakawa kama kikapu. Kilikuwa kitanda cha sokwe, alichokitengeneza jioni na kukiacha asubuhi. Ndipo alipotueleza habari ambayo tuliisoma zamani bila ya kuifikiri. Sokwe wa Rubondo si wenyeji wa hapo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek, wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, alileta kisiwani sokwe 17. Walikuwa wamekaa katika vizimba vya Ulaya, wengine kwa miaka mingi, wakilishwa kwa mkono. Wakafunguliwa, wakaachwa msituni. Tunda la mwitu hawakulizoea, kitanda cha mtini hawakukizoea. Wakajifunza. Haukupita muda mrefu wakawa wanajitafutia chakula na kujitengenezea vitanda, wakazaa, na wazao wao ndio waliomo msituni hata leo. Lakini si wote waliofaulu. Madume mawili yalizoea mno watu kwa namna mbaya, yakawa yanawashambulia, hata yakapigwa risasi.

"Basi," alisema Fundi, "hata wao walikuwa watu wa mjini." Tukacheka sote, na kwa mbali, bondeni, sauti za sokwe zikapanda, kwanza moja, kisha nyingi pamoja, mpaka nywele zikatusimama. Hatukuwaona. Tuliwasikia tu, na ilitutosha.

Lakini kicheko chetu kilikuwa na kasoro. Yapata saa tatu asubuhi tulikwisha sikia kisigino cha mguu wa kulia kinaungua ndani ya kiatu kipya. Kila hatua ilikuwa kama mtu anayeweka kaa la moto. Tukakaza uso. Tulijiambia, mwanamume halii kwa sababu ya kiatu. Tena tulijiambia, Fundi huyu tuliyemzidi darasani asituone tumeshindwa kutembea. Akauliza mara moja, "Mwalimu, mbona wachechemea?" Tukajibu, "Hapana neno, ni jiwe dogo." Mbung'o nao walikuwa wamekwisha tambua suruali yetu, waliwapita wenzetu wawili, wakatujia sisi, wakatuchoma kupitia kitambaa. Tukawapiga kimya kimya.

Tulifika pwani ya magharibi kabla ya adhuhuri. Hapo kwa hakika palikuwa pazuri. Ziwa lilitulia, mikindu iliinama juu ya maji, na kando ya mafunjo, katika maji ya kufikia magoti, alisimama nzohe dume. Alikuwa na rangi ya kahawia, manyoya marefu yaliyolowa, pembe zilizopindika, na kwato ndefu zilizotanuka, ambazo humwezesha kutembea juu ya matope bila ya kuzama. Akatutazama. Hakukimbia upesi kama tulivyomwambia yule mwanafunzi. Aliingia polepole katika mafunjo, akazama mpaka ikabaki pua na pembe, akatulia. Basi hata jibu letu la kitabuni lilikuwa si sahihi.

Saa ya kurudi ilipofika, tulisimama, mguu ukakataa. Tukaulazimisha. Maji yetu yalikuwa yamekwisha, nasi tulisema hatuna kiu. Hata ilipofika saa tisa tulikuwa hatujafika nusu ya njia. Kila kilima kidogo kilitugharimu mapumziko, na kila pumziko tulilipa jina jingine: mara twataka kutazama ndege, mara twataka kuandika. Mwisho tulijikwaa kwenye mzizi, tukaanguka kwa magoti, wala hatukuweza kunyanyuka.

Askari alitutazama, kisha akatazama jua. Akajaribu simu yake ya upepo, lakini bondeni mle haikushika. Hakuweza kutuacha aende kutafuta msaada, maana sheria haimruhusu kuwaacha wageni. Wala hakuweza kungoja, maana viboko hutoka majini giza liingiapo, wakaja kula nyasi kando ya njia ile ile tuliyotakiwa kupita. Hakutugombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ungaliniambia saa tatu, tungaligeuka saa tatu."

Fundi alipiga magoti, akafungua kiatu chetu kwa taratibu. Soksi ilikuwa imelowa damu. Lengelenge lilikuwa limepasuka, na ngozi imechubuka kisigino chote. Akaosha jeraha kwa maji yake ya kunywa, akalifunga kwa kitambaa safi. Tukaona jinsi maji yale yalivyopungua chupani, tukajua kwamba kiu yake tumeinunua sisi. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa katambuga, viatu vile vya matairi viuzwavyo sokoni, akatuvalisha, akakaza mikanda yake. Kisigino kikawa wazi, hakuna kilichokigusa. Tukasimama. Tukaweza kutembea.

Akasema, "Mwalimu, katambuga hizi zilikuwa mgongoni mwangu tangu alfajiri. Nilizichukua kwa ajili yako, maana nilipoviona viatu vyako jana vinang'aa nilijua hukuvivaa. Nilingoja useme."

Hayo ndiyo maneno machache tuliyoyaleta kutoka Rubondo, na ndiyo yaliyotufanya tuje mbele yenu leo. Dawa ya maumivu yetu ilikuwa hatua mbili nyuma yetu muda wa saa sita, katika mfuko wa mtu atupendaye. Haikuzuiwa na umbali wala na umaskini. Ilizuiwa na ulimi wetu wenyewe.

Giza lilitukuta bado tuko njiani. Tulipokaribia pwani ya mashariki askari akazima tochi ghafula, akatusukuma nyuma ya mti mkubwa. Mbele yetu, katikati ya njia, kiboko alikuwa akila nyasi. Hatukumwona sawasawa, tuliona weusi mkubwa kuliko weusi wa usiku, tukasikia anavyong'oa majani na kutafuna. Tulikaa pale bila ya kusema kwa muda ambao hatukuweza kuupima. Fundi alitushika mkono. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, nasi tulishangaa, maana tulidhani kwamba yeye haogopi.

Mnyama alipokwisha kwenda zake, nasi tukaendelea kungoja kwa usalama, Fundi akanong'ona, "Niliogopa sana." Akalisema hivyo hivyo, bila ya haya. Basi nasi tukasema. Tukamwambia habari ya swali la mwanafunzi, na uwongo wetu, na jinsi hilo lilivyotuleta kisiwani. Tulitazamia atacheka. Hakucheka. Alisema, "Sasa umefika kweli. Lakini siku ile ulikuwa hujafika. Kawaambie." Baada ya hapo tukatoka, tukafika kambini salama, usiku umekwisha ingia sana.

Wasikilizaji wetu, jambo hili la wenzi wa safari kufichana si jipya katika nchi ya ziwa letu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walitoka Zanzibar kwenda bara. Waliugua sana, walipofika Ujiji mwanzo wa mwaka 1858, Burton hakuweza kwenda kwa miguu, na Speke macho yake yalikuwa karibu kupofuka. Waliporudi Kaze, karibu na Tabora, Burton alibaki mgonjwa, na Speke akaja kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na msaidizi wake. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na hapa Mwanza, Speke aliliona ziwa ambalo wenyeji waliliona kila siku, akaamini kwamba humo ndimo utokamo mto Nile. Akarudi Kaze, akamwambia mwenziwe. Burton hakusadiki. Na badala ya kulizungumza jambo hilo mpaka likaisha, waliacha kulitaja, wakasafiri pamoja mpaka pwani kila mtu na lake moyoni. Mwezi wa Mei 1859 Speke alitangulia kufika London, akaitoa habari mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia kabla Burton hajafika. Urafiki ukafa. Mwaka 1864 ilipangwa washindane kwa hoja mbele ya watu katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba. Siku moja kabla yake Speke alikufa kwa bunduki yake mwenyewe akiwinda. Katika habari ya Nile, Speke alikuwa amesema kweli kuliko Burton. Lakini mtu aweza kusema kweli juu ya mto, akampoteza mwenziwe kwa neno asilolisema.

Chuo kilipofunguliwa tuliingia darasani na katambuga miguuni, maana kisigino kilikuwa hakijapona vema. Wanafunzi walitazamana. Tukasimama, tukamwita yule kijana wa mstari wa nyuma kwa jina lake, tukasema mbele ya wote kwamba siku ile tulipomwambia tumefika Rubondo tulisema uwongo, kwamba sasa tumefika, na kwamba nzohe hakimbii kama tulivyomwambia. Tukaomba radhi. Darasa likanyamaza. Twawaambieni kweli, kiboko yule wa usiku hakututisha kama kimya kile. Kisha somo likaendelea.

Jioni yake kijana yule alibisha mlangoni petu. Alisimama muda mrefu kabla ya kusema. Mwisho alisema, "Mwalimu, mimi nikiwa nyuma sioni ubaoni. Tangu muhula uanze nanakili kwa mwenzangu. Niliona haya kusema, maana watasema mwalimu gani huyu asiyeona." Kesho yake tulimhamishia mbele, na baadaye akapelekwa kupimwa macho, akapewa miwani. Muda wa muhula mzima tulimhesabu kuwa mvivu. Kumbe naye alikuwa akitembea na kiatu kinachomchubua.

Sasa, kwa wale watakao kwenda porini mara ya kwanza, tutasema kwa ufupi mambo machache. Kwanza, kiatu kipya kisiende safari; kivae nyumbani kwa majuma mawili, na uchukue soksi kavu za kubadili. Pili, maji usiyapunguze kwa sababu ya uzito. Mzigo wa maji hupungua kila unapokunywa, lakini mzigo wa kiu huzidi. Tatu, vaa nguo ya rangi ya udongo au ya majani makavu, yenye mikono mirefu. Nne, lengelenge likianza, simama hapo hapo, lifunike kwa kitambaa safi, wala usilipasue. Na jeraha usilioshe kwa maji ya kando ya ziwa, maana humo mna kichocho. Tano, msikilize mwenyeji au askari akuongozaye, hata kama cheti chako ni kikubwa kuliko chake.

Na la sita hupita yote hayo. Chagua mwenzi unayeweza kumwambia, "Nimechoka," au, "Naumwa," au, "Naogopa." Ukisha kumpata, mwambie mapema. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humwumbua, nasi tulikuwa tukiisomesha methali hiyo miaka mingi. Tulikuwa hatujaivaa miguuni.

Viatu vyetu vya ngozi twavivaa sasa kila siku kwenda kazini, navyo vimechafuka sana. Katambuga tulizirudisha Kirumba, zimeoshwa, lakini Fundi alikataa kuzipokea. Alisema tukae nazo, maana kiangazi kijacho twakwenda tena.

Kwaherini.